Injini ya lori inagonga na kutetemeka baada ya ovaholi: tafuta kosa kabla ya kuifungua tena

Mafundi wa malori wa Goma wanaijua siku hii. Lori la Fuso limemaliza wiki kadhaa garajini kwa ovaholi, slivu mpya (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimeingia, pistoni mpya, krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) imetoka kusagwa, na patroni, mwenye lori, amesimama pembeni, mikono nyuma, akingoja kusikia pesa yake ikinguruma. Injini inashika, na moshi wa kwanza haujaisha mlio unaanza: tik-tik-tik kutoka juu, huku kabini nzima ikitetemeka. Patroni anauliza, "Fundi, ni nini hiyo?" Jibu zuri ni "bado sijajua". Anayejibu papo hapo ndiye atakayefungua hedi, kile kichwa kinachofunika silinda, kesho asubuhi, asikute kosa, na gasketi ya pili ainunue kwa pesa yake.

Mwongozo huu ni wa injini za dizeli za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, zenye pampu ya mazutu (mafuta ya dizeli) ya kawaida isiyo na kompyuta, kama 6D16 ya Mitsubishi Fuso: zile zinazoteremsha viazi na maharagwe kutoka Masisi na Rutshuru. Injini za kompyuta nitazitaja pale tu ambapo njia ya kizamani inaweza kumuumiza mtu.

Injini ambayo haikuwa na mlio huo kabla ya kufunguliwa imeupata mikononi mwa watu. Kipo kitu kilichogeuzwa, kilichosahaulika, kilichobanwa kupita kiasi au ambacho hakikupimwa. Kwa hiyo unarudi nyuma kuanzia bolti ya mwisho kufungwa, na unafanya kwanza yale yasiyohitaji gasketi mpya.

Milio isiyosubiri uchunguzi

Zima mara moja kama presha ya oili haipandi ndani ya sekunde chache, kama kuna mlio mzito kutoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, unaozidi ukikanyaga, au kama unasikia chuma kikisaga chuma. Usiwashe tena "kidogo tu patroni asikie". Beringi iliyokosa oili dakika moja hairudi ilivyokuwa.

Usiamini mshale wa dashibodi ya lori la zamani. Toa kitambuzi cha presha kwenye bloku, funga geji ya mkono, usome mwenyewe. Injini nyingi za aina hii zikipata moto hukaa juu ya baa 1 kwenye ralanti (injini ikinguruma bila kukanyagwa) na baa 3 hadi 5 zikiwa kwenye mwendo wa kazi. Presha ikiwa chini huku injini ni mpya, fikiria nafasi kubwa kwenye beringi: krenkishafti imesagwa milimita 0.50 na dukani mmepewa beringi za 0.25, au silikoni imeziba chujio la pampu ya oili. Silikoni inayobanwa kwa wingi kwenye sampu hutokea pande zote mbili, nje na ndani. Ya nje unaiona na kuifuta, ya ndani inakatika na kuelea kwenye oili hadi ifike kwenye chujio.

Hatua ya kwanza: hesabu mlio

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haina spana.

Krenkishafti inapozunguka mara mbili, kamshafti, ile shafti inayofungua vali, huzunguka mara moja. Vali moja yenye nafasi kubwa hupiga mara moja katika kila mizunguko miwili. Ralanti ikiwa mizunguko 600 kwa dakika, mlio wa vali moja ni 5 kwa sekunde. Kitu kinachoguswa na krenkishafti kila mzunguko kitapiga 10 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu hivyo, lakini simu inaweza. Irekodi sekunde 10, kisha icheze kwa robo ya mwendo ukigonga meza kwa kidole. Ukipata karibu 50, anza kutafuta juu: vali, roka (mkono unaobonyeza vali), pushirodi (fimbo inayoinua roka), tapeti (kikombe kilicho chini ya fimbo hiyo), kamshafti, nozeli (inayopuliza mazutu ndani ya silinda), au moshi unaovuja kwenye manifoldi. Ukipata karibu 100, fikiria chini: flaiwili, puli, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti), vibomba vya kupoza pistoni.

Hesabu haihukumu peke yake. Konrodi iliyolegea mara nyingine husikika wakati wa mlipuko tu, na pistoni inayopiga slivu vivyo hivyo, kwa hiyo hata mlio wa chini unaweza kuja kwa nusu mwendo. Ndiyo maana baada ya kuhesabu unatafuta mahali.

Chukua bisibisi ndefu au nondo nyembamba. Ncha iguse chuma, mpini uguse kile kifupa kilicho mbele ya tundu la sikio. Usiutie ndani ya tundu. Kaa mbali na feni, na mikono ya koti uikunje. Pita juu ya kila bolti ya kifuniko cha vali, kisha ubavuni mwa bloku katikati, kisha pembeni mwa sampu, mwisho kifuniko cha gia za mbele. Mlio husafiri ndani ya chuma, kwa hiyo usitafute unaposikika, tafuta unapokuwa mkali kuliko kwingine. Kisha rudia kwa kipande cha mpira wa maji bila bisibisi. Mpira haubebi mlio wa chuma, unabeba pumzi. Kama mlio unasikika kwenye mpira na haupo kwenye bisibisi, ni hewa inayotoka mahali, wala si chuma kinachogonga.

Sikiliza pia injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Mlio unaopungua ikipata moto mara nyingi ni pistoni yenye nafasi kubwa ndani ya slivu, au moshi unaovuja kwenye manifoldi ambayo ikipanuka hujiziba. Mlio wa konrodi mara nyingi huzidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi.

Hatua ya pili: toa vya nje kwenye orodha

Kompresa ya hewa ya breki imewatisha mafundi wengi kuliko konrodi. Ina pistoni yake na konrodi yake, na ikilegea inagonga sawasawa na injini iliyokufa. Kuijua ni rahisi. Acha matangi ya hewa yajae mpaka vali ya kukata ipige pumzi, sikiliza. Kisha kanyaga breki mara kadhaa hewa ishuke, kompresa ianze kusukuma tena, sikiliza. Kama mlio unabadilika pale tu kompresa inapoanza au kuacha kusukuma, umempata mwenye kelele na injini umeiacha salama.

Mikanda: ilegeze yote, washa dakika moja tu, zima. Altaneta na pampu ya maji zitakuwa zimejibu.

Klachi: ikanyage. Mlio ukiisha au ukibadilika, tazama beringi ya klachi, beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, au krenkishafti inayocheza mbele na nyuma kwa sababu vipande vya kuizuia vimewekwa kinyume. Mifereji ya oili kwenye vipande hivyo hutazama krenkishafti, haitazami bloku.

Manifoldi ya ekzosi: injini ikiwa bado baridi, mtu azibe mdomo wa ekzosi kidogo kwa tambara nene huku wewe ukipitisha kiganja karibu na kila kiungo, bila kugusa. Masizi meusi kwenye gasketi yanakuonyesha mahali hata ukiwa kiziwi.

Turbo, kama ipo: injini ikiwa imezimwa, zungusha kwa kidole. Ikigusa nyumba yake, simama hapo hapo, usiwashe tena.

Hatua ya tatu: kwa nini inatetemeka

Mtetemeko ni jambo tofauti na mlio, ingawa mara nyingi vinakuja pamoja. Injini inayotetemeka mara nyingi ina silinda isiyofanya kazi sawa na wenzake. Tafuta ni ipi.

Kabla ya hapo, hewa. Baada ya ovaholi mabomba yote ya mazutu yalikuwa matupu, na hewa kidogo ikibaki injini itawaka na kurusha. Fungua skrubu ya hewa juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mazutu yatoke bila mapovu, funga. Fanya hivyo kwenye pampu kubwa. Kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha starta mpaka zote zitoe, kaza. Kama hewa inarudi kila baada ya nusu saa, tundu liko upande wa kunyonya, kati ya tangi na pampu ndogo, ambako mazutu hayavuji nje ila hewa inaingia ndani. Weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kwenye njia hiyo utaona mapovu yakipita.

Mazutu yenyewe pia. Mengi yanauzwa kwa bidoni kando ya barabara, na bidoni haijali ilibeba nini jana. Jaza chupa ya maji iliyo safi kutoka chini ya tangi, iache usiku. Asubuhi maji, kama yamo, yatakuwa yamekaa chini.

Sasa silinda. Vaa miwani, shika tambara. Injini ikiwa kwenye ralanti, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa nusu mzunguko, mazutu yatoke pale badala ya kuingia. Silinda nzuri ikikatwa hivyo, injini inashuka na kutetemeka zaidi. Kaza, nenda ya pili. Silinda ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokufa. Na sikiliza mlio pia: kama unapotea au kupungua sana ukikata silinda fulani, mlio huo unatokana na mlipuko au mzigo wa silinda hiyo, yaani nozeli, konrodi, pini au pistoni. Kama haubadiliki kabisa, elekea kwenye vali. Dakika tano za spana moja zinakupa majibu mawili.

Usifanye hivi kamwe kwenye injini ya reli ya pamoja (common rail) wala zile za Actros zenye pampu ndogo kwa kila silinda. Mazutu humo yana presha inayopita baa 1,000. Yakitoka kwenye ufa mwembamba yanapenya ngozi, na mkono uliopenywa hivyo unahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo hata kama tundu linaonekana dogo. Kwa injini hizo tumia kompyuta ya kukata silinda moja moja, au kipimo cha joto cha kulenga kwenye kila tawi la manifoldi: tawi lililo baridi kuliko mengine ni la silinda iliyolala.

Ukishapata silinda, badilisha nozeli. Ya silinda mbaya iende kwenye silinda nzuri, ya nzuri ije kwenye mbaya. Kosa likihama, ni nozeli, ipeleke ikapimwe. Kosa likibaki, ni mgandamizo (jinsi silinda inavyobana hewa), vali, au bomba. Usinunue kitu chochote kabla ya kubadilishana hivyo.

Angalia pia mpangilio wa mabomba. Pampu ya mstari hutoa moja kwenda silinda ya kwanza, mbili kwenda ya pili, na kuendelea, na pampu yenyewe ndiyo inayojua zamu ya silinda kulipuka, 1-5-3-6-2-4. Nimeona mabomba mawili ya katikati yamepishana kwa sababu yote yalipinda na mtu akachagua lililofaa macho. Injini iliwaka. Ilitoa moshi mweupe, ikagonga kavu, na kila mtu alikuwa tayari ameshailaumu gasketi.

Hatua ya nne: vali na roka

Hapa ndipo tik-tik nyingi za baada ya ovaholi zinapoishia, kwa hiyo nenda polepole.

Toa kifuniko cha vali, washa kwenye ralanti, tazama. Ndani ya dakika moja kila roka iwe inatoa oili. Roka kavu, au nusu ya roka zilizo kavu, maana yake oili haipandi. Mara nyingi shafti ya roka imegeuzwa: ina matundu upande mmoja, na ukiiweka kinyume matundu hayakutani na njia ya oili. Pengine kile kishikizo cha shafti chenye njia ya oili kimewekwa mahali pa kile kisicho na njia. Pengine gasketi ya hedi imegeuzwa, au ni ya injini inayofanana na si yenyewe, na tundu la oili limezibwa. Usirekebishe nafasi za vali kabla ya kumaliza jambo hili. Roka kavu italika na nafasi itarudi kubwa kabla lori halijatoka mjini.

Injini ikiwa inazunguka polepole, sukuma filageji (kibati cha kupimia nafasi) nyembamba ya milimita 0.10 kati ya roka na kichwa cha vali unayoishuku, ukiishika kwa uangalifu. Mlio ukizimika, umempata. Kisha zima, upime vizuri.

Kupima: zungusha injini kwa mkono mpaka alama ya pistoni ya silinda ya kwanza kuwa juu kabisa ikutane, na vali za silinda ya sita ziwe zinapishana, moja ikifunga na nyingine ikifungua. Kwa zamu ya 1-5-3-6-2-4, hapo unarekebisha vali za hewa za silinda 1, 2 na 4, na za moshi za 1, 3 na 5. Zungusha mzunguko mmoja kamili, kisha za hewa za 3, 5 na 6, na za moshi za 2, 4 na 6. Kipimo chenyewe kisome kwenye kibao cha injini au kitabu chake. Injini nyingi hutaka kati ya 0.25 na 0.60, na mara nyingi ya moshi huwa kubwa kuliko ya hewa. "Ile ya Fuso nyingine" si kipimo.

Kuna kosa ambalo filageji haiwezi kukuambia. Roka ya zamani ina mfereji mdogo uliochimbwa na kichwa cha vali, upana wa kucha ya mtoto. Filageji bapa inalala juu ya kingo mbili za mfereji huo na kusoma 0.40, wakati kichwa cha vali kinaingia ndani ya mfereji na nafasi ya kweli ni 0.60 au zaidi. Fundi anarekebisha, mlio unabaki, anarekebisha tena, mlio uko pale pale. Pitisha kucha juu ya uso wa roka. Ikikwama, roka isagwe uso au ibadilishwe.

Nafasi zikiwa sawa na mlio bado upo, toa pushirodi. Iviringishe juu ya kioo: iliyopinda itaruka. Angalia kama kweli ilikaa ndani ya kikombe cha tapeti au iliegemea ukingoni. Kisha linganisha urefu wa safari ya kila vali kwa kupima roka ikiwa chini kabisa. Vali moja inayofunguka kidogo kuliko nyenzake inaonyesha kamshafti iliyolika, na hilo hutokea haraka watu wakiweka kamshafti mpya juu ya tapeti za zamani. Vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja kama sahani na kikombe cha seti moja.

Hatua ya tano: washa za shaba

Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Washa ya zamani inabaki imenata chini ya shimo, nyeusi kama hedi yenyewe, na mtu anaweka mpya juu yake. Nozeli sasa imeinuka, inapuliza mazutu mahali pasipofaa, na mgandamizo unavuja pembeni kwa mlio mfupi unaofanana kabisa na vali. Mwagia maji ya sabuni kuzunguka nozeli injini ikiwa ralanti: mapovu yanayopiga kwa mapigo yanakupa jina la silinda. Toa nozeli, mulika shimo kwa tochi, chimbua kwa ndoano. Kama washa ya zamani haipo ila uso wa shimo una kaboni, usafishe. Kabla ya kurudisha, puliza au futa uchafu wote, kwa sababu kila kinachoanguka humo kinakwenda juu ya pistoni.

Hatua ya sita: mgandamizo, na hesabu ya mwinuko

Kipimo cha mgandamizo cha dizeli kinafungwa mahali pa nozeli. Betri iwe nzuri, injini iwe imepata joto, mazutu yakatwe. Soma silinda zote sita, usisome moja.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ina presha ya karibu kilopaskali 85, wakati pwani ni 101. Injini haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Kitabu kikisema silinda nzuri ni baa 26, hapa utasoma karibu 22 na hakuna kilichoharibika. Watu wamefungua injini nzima kwa sababu ya baa nne ambazo ziko pwani tu. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi, tofauti ni ndogo kidogo.

Kinachohesabika ni tofauti ya silinda na silinda. Ikipita baa 3 au 4, chunguza. Tia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu, si zaidi, kwa sababu nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo sana. Ikipanda, ni ringi: zimegeuzwa, mianya yake imepangana mstari mmoja, au bado hazijakaa. Isipopanda, ni vali au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu pamoja, ni gasketi kati yake. Zote sita zikiwa chini kidogo na kwa usawa, ringi bado ni mpya tu.

Hatua ya saba: taimingi

Mazutu yakiingia mapema mno, injini inagonga kavu na kwa ukali kwenye silinda zote. Yakichelewa, moshi mweupe, lori zito, ekzosi moto. Jino moja kwenye gia ya pampu linatosha.

Usishtuke kama umezungusha injini na alama za gia ya katikati hazikutani tena. Gia hiyo inahitaji mizunguko mingi kabla alama zake hazijarudi pamoja. Angalia alama ya krenkishafti, vali za silinda ya sita zinazopishana, na alama ya pampu. Kuhakikisha, toa bomba la kwanza kwenye pampu, jaza mazutu mpaka mdomoni, kisha zungusha injini kwa mkono polepole sana kwa mwelekeo wake. Mazutu yanapoanza kutikisika mdomoni, simama, soma digrii kwenye puli au flaiwili, linganisha na kitabu. Pampu inageuzwa kidogo kidogo mpaka ikae.

Kama hedi ilisagwa, uliza imetolewa kiasi gani. Vali ambazo hazikuzamishwa tena baada ya kusagwa zinaweza kugusa pistoni. Alama yake ukifungua ni mwezi mdogo unaong'aa juu ya pistoni.

Hatua ya nane: kushusha sampu

Umefika hapa kwa sababu mlio uko chini na yote ya juu umeyamaliza. Kabla ya sampu, kata filta ya oili kwa patasi, si kwa msumeno unaoacha unga wake. Nyosha karatasi juani. Pitisha sumaku: kinachonata ni chuma, kisichonata ni beringi au pistoni. Vipande laini vya kijivu ni uso wa beringi. Vikiwa na rangi ya shaba, uso umeisha na tabaka la chini linaliwa.

Sampu ikiwa chini, tazama vibomba vidogo vya kupoza pistoni, kwenye injini zilizo navyo, kabla ya kugusa konrodi yoyote. Vinapinda kwa urahisi pistoni inapoingizwa kutoka juu, na fundi aliye juu haoni. Kilichopinda milimita mbili tu kinaguswa na konrodi au sketi ya pistoni kila mzunguko. Mlio wake ni mwepesi, wa haraka, haubadiliki ukikata nozeli. Zungusha krenkishafti kwa mkono uangalie kila kimoja, na utafute mstari unaong'aa mahali pasipotakiwa kung'aa. Unakibadilisha, unafunga sampu, umemaliza. Wengine walishatoa krenkishafti kwa sababu hiyo.

Kisha nambari za konrodi: kofia na mwili ziwe na nambari moja, upande mmoja. Kofia iliyogeuzwa hubana upande na kulegea upande mwingine. Shika kila konrodi, isukume mbele na nyuma, kisha juu na chini. Mbele na nyuma iteleze kidogo. Juu na chini usisikie kitu. Mlio mara mbili mfupi, ta-tak, kwenye ralanti ni wa pini ya pistoni na bushi yake, na hapo kweli pistoni inatoka.

Weka turubai chini kabla ya kufungua. Vumbi la mawe ya volkano linasaga chuma vizuri kuliko msasa wa dukani, na Goma yote imelala juu yake.

Ukishaipata na kuifunga

Usiiache ikinguruma kwenye ralanti saa nzima patroni afurahi. Ringi mpya zinahitaji mzigo ili zikae kwenye slivu. Kwenye ralanti ndefu slivu inang'aa na oili inaanza kuliwa. Toka na nusu ya mzigo kwenye barabara ya Sake, ambayo haina mlima mkubwa, ukibadilisha mwendo mara kwa mara, urudi. Mlima wa Kibumba na ule wa kwenda Masisi viachie safari za baadaye. Moshi mweusi kidogo ukipanda juu ni wa hewa nyepesi, hasa lori lisilo na turbo, wala si wa taimingi.

Injini ikipoa, kama kitabu kinataka hedi ikazwe tena, ikaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wake, kisha upime vali zote upya, kwa sababu hedi ikishuka hata kidogo nafasi zinabadilika. Oili ya kwanza na filta yake vitoke mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000, na filta hiyo pia ikatwe na kunyoshwa juani patroni akiwepo.